Wimbo Wangu, Jina la Mwingine

Baba hakuniuliza kama nampenda Aníbal Cuello. Hilo alikuwa analijua, kama alivyolijua muuza nyama, padri, na wanafunzi wangu wa darasa la tatu waliokuwa wananichorea gitaa ubaoni kabla sijaingia. Aliniuliza jambo moja tu, tuko mezani asubuhi, anapaka jibini kwenye arepa yake ya mahindi bila kuinua macho.

"Huo wimbo unaosemwa mjini. Jina lako limo?"

"Limo, baba."

"Umelisikia mwenyewe au umeambiwa?"

"Nimelisikia mwenyewe."

"Wapi?"

Nikamega arepa yangu. Mama akajitia kutafuta chumvi, na chumvi iko mbele yake.

"Dirishani," baba akajijibu. "Dirishani kila mwanamume ni mkweli, Nuris. Mimi mwenyewe nilikuwa mkweli sana dirishani kwa mama yako, na dirishani kwa wengine wawili kabla yake."

"Lisímaco," mama akamwonya.

"Namfundisha mtoto. Sikiliza, binti yangu. Mwambie Jumamosi aje auimbe hapa uani, mbele yangu na mbele ya watu. Akilitaja jina lako, mimi nitafunga mdomo. Sitasema tena habari ya wanamuziki, wala sitakutajia tena Rogelio na duka lake la dawa. Asipolitaja, sitaki kumwona, na wewe sitaki kukusikia unamlilia."

"Atalitaja."

"Basi una hofu gani?"

Sikuwa na hofu. Nilikuwa na furaha mpaka nikashindwa kumaliza kahawa. Kwa watu wa Villanueva, mwanamume anaweza kukuandikia karatasi akaja kuikana, anaweza kukuahidi mbele ya ndugu zako akasingizia ulevi. Lakini akishakutaja kwenye wimbo, uani kwa baba yako, wazee wamekaa wanasikiliza, hana pa kujificha. Hata akihamia Maracaibo, wimbo utabaki unamwita mwongo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeshamkataa mfamasia mwenye nyumba yake na tabia zake nzuri, nimesemwa mpaka nimechoka kusemwa. Jumamosi ile ndiyo ingenifuta machozi. Mimi nilijua hivyo, na Aníbal alijua hivyo, maana nilimweleza neno kwa neno.

"Baba yako amesema hivyo?" aliniuliza siku ile, tumesimama kwenye ua wa shule.

"Amesema."

"Basi nimeoa," akasema, akacheka, akanibusu kovu langu juu ya jicho la kulia, pale pale watoto wanatazama.

*

Mwanzo wa parranda, karamu ya nyimbo, nyumbani kwetu ni mbuzi. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, supu imejaa mihogo na ndizi, na baba anapanga viti vya ngozi uani kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu kupanga viti. Anavipanga duara, vyote vimewaelekea wanamuziki, na katikati anaacha nafasi tupu. Mgeni asiyejua angedhani nafasi ile ni ya kuchezea. Thubutu. Uani kwa Don Lisímaco Mindiola watu huja kusikiliza, hawaji kutikisa viuno. Wanamuziki wanakuimbia hapo karibu, unaona jasho lao, unasikia pumzi ya kodiani kabla sauti haijatoka, halafu wewe uinuke ucheze kana kwamba umeweka redio? Kwetu ni kuwatukana. Mwaka fulani kompadre wake baba, aliyesimamia ubatizo wangu, alimvuta mkewe wakazunguka kidogo tu, mizunguko ya ulevi. Baba akampelekea kofia yake mkononi na kumwonyesha mlango. Wawili hao hawakusalimiana mpaka kompadre alipougua.

Watu walianza kuja baada ya chakula cha mchana. Mzee Ovidio alifika na kodiani yake kifuani, kaifunga kwenye taulo, na nyuma yake mpiga ngoma na mwenye kikwaruzo cha kupigia mdundo. Nilivaa gauni la njano. Nilijiangalia kwenye kioo nikajiona mzuri, na nalisema bila aibu, nilikuwa mzuri siku ile.

Nilimtegemea Aníbal aje kwa miguu na gitaa lake mgongoni, kama alivyozoea. Alikuja kwa gari. Gari la Don Efraín Lacouture wa Valledupar, jeupe, refu, likaziba nusu ya mtaa. Don Efraín alikuwa mfuga ng'ombe aliyeingia kwenye biashara ya santuri. Wimbo akiupenda yeye, mwaka ule unausikia mpaka Bogotá. Akashuka na wiski yake mwenyewe. Kisha akashuka binti yake, Ibeth, mtoto wa miaka kumi na tisa, viatu vya kisigino vinamsumbua kwenye changarawe. Mwisho akashuka Aníbal, shati jipya, nywele zimelazwa kwa mafuta.

"Mwalimu," akanisalimia.

Mwalimu. Mtu anayeniita "roho yangu" hata kwenye foleni ya posta.

Nikamfuata kwenye mtungi wa maji, alikokwenda kujifanya ana kiu.

"Mbona umekuja na hawa?"

"Wamenipa lifti. Don Efraín anataka kuusikia wimbo."

"Wangu?"

"Ndiyo huo."

"Ndiyo huo? Wimbo gani mwingine umetunga?"

"Nuris, watu wanatuangalia."

"Si ndiyo maana wamekuja, watuangalie. Una nini wewe? Umelala kweli?"

"Kidogo."

"Baba yuko tayari."

"Najua."

"Basi nitazame."

Alinitazama. Alinitazama paji la uso, akanywa maji, akaniambia kila kitu kitakuwa sawa, akaenda kukaa karibu na mzee Ovidio. Mimi nikasema moyoni, masikini, ana woga. Mwanamume gani asingekuwa na woga, mbele ya baba yangu. Nikamwonea huruma. Huruma ile mpaka leo inaniuma kuliko mengine yote.

*

Mzee Ovidio alifungua kwa nyimbo za zamani, za taratibu, zile anazopiga macho yamefumba. Kila wimbo na hadithi yake, maana kwenye parranda hadithi ni nusu ya muziki. Akatusimulia habari ya punda aliyeuzwa mara mbili, watu wakacheka. Akasimulia habari ya mjane wa Urumita aliyekuwa akimtumia jibini, halafu akapiga wimbo wa huyo mjane, na mama akajifuta macho kwa aproni ingawa ameusikia tangu hajaolewa. Hakuna aliyesema neno. Ukimya wa watu wanaosikiliza vizuri una uzito wake. Mimi nimekulia ndani yake na siujui utamu mwingine unaoushinda.

Kisha mzee akamgeukia Aníbal. "Haya, mtunzi. Zamu yako."

Aníbal akaweka gitaa magotini. Baba akavuta kiti chake mbele kidogo. Nilimwona akinitafuta kwa macho, akanipata, akageukia wanamuziki. Amevaa shati lake la kanisani.

"Hadithi kwanza," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Ndiyo, tupe hadithi," akadakia mwingine. "Tunajua wewe ulikuwa huli wala hulali. Hebu tueleze."

Watu wakacheka, wengine wakanigeukia. Nikainamisha uso. Nilishajua hadithi atakayosema. Angesema jinsi alivyokuja shuleni kurekebisha paa, akaniomba kahawa, akaniona namimina kwa mkono wa kushoto, na siku ya pili akarudi wakati paa limeshakwisha.

"Leo sina hadithi," Aníbal akasema. "Wimbo utajieleza wenyewe."

Minong'ono ikapita. Hapo ndipo nilipoanza kusikia baridi. Mzee Ovidio akamkazia macho. Akavuta kodiani, na Aníbal akaanza.

*Kovu dogo la usoni, nani aliyekuachia?*
*Kwa mkono wa kushoto, kahawa wanitilia.*
*Usiku silali tena, mchana nakuwazia…*

Jamani, sauti ile. Nimeisikia dirishani kwangu ikiwa ya kunong'ona, nyuma ya vyuma, ananiimbia puani ili jirani wasiamke. Sasa ilikuwa wazi, imejaa, na ua mzima umeshika pumzi. Watu walikuwa wanatabasamu kwa sababu walilijua kovu na waliijua kahawa. Mama alinishika mkono. Baba aliweka mikono miwili juu ya magoti na kuinama mbele, akingoja.

*Mbele ya baba mzazi, Ibeth, nimekuridhia.*

Kwanza nikadhani nimesikia vibaya. Nikamtazama mama, nikaona na yeye ananitazama. Aníbal hakusita, hakukohoa, hakubabaika. Akarudia mstari, kama wimbo unavyotaka urudiwe, na jina likarudi nalo vilevile.

Don Efraín akainua glasi. "Hiyo ndiyo kazi," akasema kwa nguvu, peke yake.

Ibeth alikuwa amefungua mdomo. Mtoto wa watu, alishika nyusi yake ya kulia, akaipapasa kwa vidole, akitafuta kovu. Hakulipata. Akageuka taratibu, akaangalia nyuso za wanawake mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu.

Wote walikuwa wamenigeukia wakati huo. Kuna watu uani pale walionishika mimi nikiwa mchanga, na hakuna hata mmoja aliyejua pa kuweka macho yake. Nilikuwa nimevuliwa nguo. Kila kitu changu kilikuwa kinaimbwa, uso wangu, mkono wangu, na kahawa ya mama yangu, halafu mwisho wa ubeti anaitwa mwingine aitikie. Na yule baba mzazi anayesemwa kwenye wimbo sasa ni nani? Alikuwa anakunywa wiski, amefurahi.

Sikulia. Ningelia, ningempa Aníbal kitu kingine cha kutungia. Alikuwa ameingia ubeti wa tatu, ule wa gauni la njano. Nikasimama.

Mama akanidaka gauni. "Kaa chini, Nuris."

"Niache, mama."

Nikavuka ile nafasi tupu ambayo hakuna mtu anayeivuka, nikapita mbele ya gitaa lake, nikasimama mbele ya kiti cha baba.

"Baba," nikamwambia. "Tucheze."

Aliniangalia, akaiangalia ile nafasi tupu. Nilifikiri atanikatalia, na kama angenikatalia sijui ningeondokaje pale. Nyonga yake ya kushoto mbovu, na nimeshasema alivyomfanya kompadre wake. Baba akavua kofia, akamkabidhi aliyekuwa karibu bila kumwangalia ni nani, akainuka kwa kushikilia mikono ya kiti. Akaweka kiganja mgongoni kwangu. Tukacheza.

Tulicheza vibaya. Yeye alikuwa anachechemea, mimi nakosea hatua, na changarawe inalia chini ya viatu. Hakuna aliyecheka. Nilisikia mwanamke mmoja anasema "Mungu wangu" polepole. Tulizunguka mara moja, na tulipokuwa tunazunguka ya pili, kodiani ikanyamaza.

Mzee Ovidio alikuwa ameifunga. Alikaza ukanda wake wa ngozi, akafunga na kifungo, akaanza kuivisha taulo. Aníbal aliendelea maneno mawili matatu bila muziki, sauti yake peke yake hewani, halafu naye akaacha.

"Maestro, vipi?" akamuuliza.

"Hapa watu wanacheza, mwanangu," mzee akamjibu. "Wanaocheza hawanihitaji. Kuna redio."

Don Efraín akasimama na glasi yake. "Don Lisímaco, mimi nimeambiwa nyumbani kwako hakuchezwi nyimbo."

"Hakuchezwi," baba akasema. Alikuwa bado amenishika. "Nyimbo zinasikilizwa. Huu nimeona ni wa dansi tu."

*

Alinikuta nyuma ya jiko, kwenye kuni. Nilijua atakuja. Nilitaka aje ili nimwambie asije.

"Umeniua, Nuris," akasema. "Umeniua mbele ya mtu mmoja tu aliyewahi kunishika mkono."

"Na mimi nilikushika nini?"

"Usianze."

"Nijibu. Nimekataa watu kwa ajili yako. Nimebishana na baba miezi. Nilikushika nini?"

Akapangusa uso kwa mkono wa lile shati jipya. "Don Efraín alinipitia asubuhi. Mwezi ujao wanaingia studio Medellín, wamebakiza nafasi ya wimbo mmoja. Nikamwimbia garini. Akaupenda, akasimamisha gari. Akaniambia, huu unaingia, ila weka jina la mtoto wangu, ni zawadi yake. Ningesema nini?"

"Hapana. Ni neno fupi."

"Ili wimbo ubaki hapa, niwaimbie kuku?"

"Ulikuwa unaniimbia mimi."

Akageukia kuni. Ndani nilisikia mama anagongesha vyungu makusudi ili asitusikie.

"Ni jina tu," akasema. "Kila kitu kingine ni chako. Kovu lako, kahawa yako. Nani hapa asiyejua ni wewe?"

"Wote wanajua ni mimi. Ndiyo matusi yenyewe. Mimi nimetoa sura, yeye ametoa baba mwenye gari."

"Yule mtoto simjui hata. Leo ndiyo nimemwona."

"Na umemridhia mbele ya baba yangu."

"Nuris."

"Nilikuuliza kwenye mtungi. Nilikuuliza una nini. Ungeniambia pale."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia, kweli. Ningelia, ningekutukana, halafu ningekuambia nenda, peleka wimbo wako Medellín, weka jina la malkia ukitaka, lakini hapa kwa baba usiuimbe. Ungeniachia hata hilo. Uliona rahisi kuniacha nikae na gauni langu nisikilize."

"Niliogopa baba yako."

"Uliniambia umeshaoa, wewe. Kwenye ua wa shule."

Hilo lilimpata. Aliinamisha kichwa, na nikaona pale kisogoni mahali ambapo kinyozi alimkata vibaya wiki iliyotangulia, tukacheka sana. Akasogea.

"Nitakutungia mwingine," akasema. "Nakuapia. Mzuri kuliko huu, wenye jina lako mwanzo mpaka mwisho."

"Wenye nini ndani? Kovu ninalo moja, Aníbal."

Akasogea tena. Akanyoosha mkono kunishika, na hapo ndipo nilipojichukia, maana mkono wangu ulitaka kwenda. Nilikuwa nampenda. Saa ile ile, na hasira yote ile, kama angeniambia twende tukasimame uani aseme jina langu, hata bila muziki, hata kwa kigugumizi, ningekwenda. Nikamwambia.

"Twende useme. Sasa hivi. Wazee hawajaondoka."

Aliangalia uani. Aliangalia mlango wa mbele, ambako gari lilikuwa limeshawashwa. Nilimwona anapiga hesabu, na mwanamke akishamwona mwanamume wake anapiga hesabu hiyo, jibu hana haja ya kulisubiri.

Ibeth akatokea mlangoni pa jiko, viatu mkononi, miguu mitupu.

"Samahani, mwalimu. Baba anasema tunaondoka." Akamwangalia Aníbal, akaniangalia mimi. "Mimi sikujua. Nilidhani ni wimbo wa kutungwa tu, hauna mtu."

"Ndivyo wanavyosema."

"Hilo kovu ulipata wapi?"

"Nilianguka kutoka kwenye punda nikiwa mdogo."

"Pole," akasema, na alimaanisha. Kisha akaondoka haraka.

Honi ikapigwa. Aníbal akaniambia, "Nitarudi kesho tuongee." Nikamwambia asirudi. Akasimama kidogo, labda akingoja nibadilishe neno, na honi ikapigwa tena. Akaenda. Hakukimbia, alijitahidi kutembea taratibu mpaka kwenye kona ya nyumba, na baada ya kona nikasikia miguu yake inakimbia.

*

Jioni baba alikusanya viti vyake mwenyewe. Nilikwenda kumsaidia, akaniachia.

"Nyonga inauma?" nikamuuliza.

"Inauma."

Tukabeba viwili viwili mpaka ukumbini. Nilikuwa nangoja aseme kuwa alinionya, nimejiandaa kugombana naye, nilikuwa nautaka huo ugomvi. Hakusema. Alipobakia na kiti cha mwisho, kile alichokalia, akakiegemea.

"Nilikuwa nimeshakubali," akasema.

"Nini?"

"Tangu Alhamisi. Muulize mama yako. Nilimwambia akilitaja jina, na asipolitaja vizuri, na hata akikosea tuni, nitasimama nimkumbatie. Nilikuwa nimepanga na maneno ya kusema." Akakohoa. "Nilitaka tu nisikie na mimi. Binti yangu anaitwa kwenye wimbo. Nani hataki kusikia hilo?"

Ndipo nikalia. Baba akakaa kwenye kile kiti, akaniacha nilie nimesimama, kwa sababu hajui kumbembeleza mtu na hajawahi kujua.

Aníbal alikuja kesho yake, na keshokutwa. Mara zote mama alimwambia sipo, na mimi nipo nyuma ya mlango nahesabu pumzi zake. Mara ya tatu hakuja. Baadaye nikasikia amehamia Valledupar.

Wimbo ukatoka Desemba. Mwanzoni watu wa Villanueva walikuwa na adabu, wanapunguza redio nikipita, muuza nyama aliizima kabisa. Adabu ile haikufika Krismasi. Ulikuwa unapigwa dukani, kwenye mabasi, kwenye harusi, wanaucheza kifua kwa kifua. Na ulikuwa wimbo mzuri. Ningepona mapema kama ungekuwa mbaya.

Asubuhi moja ya Januari niliingia jikoni nikamkuta mama anasaga mahindi, amenipa mgongo, anaimba. *Mbele ya baba mzazi, Ibeth, nimekuridhia.* Hakukusudia. Alikuwa anaimba vile mtu anavyoimba akisaga, mawazo yake yako kwenye mahindi. Nilisimama mlangoni nikingoja ashtuke ajikamate. Hakushtuka. Akarudi mwanzo, kwenye kovu, kwenye mkono wa kushoto, akafika ubeti wa tatu, ule wa gauni, na maneno yakampotea. Akakwama, akaurudia ule mstari, akakwama tena palepale.

Nikamtajia maneno, naye akaendelea.